Kipaji cha Kipsing, karo ya Nairobi

Mzazi wa Kipsing, katika kaunti ya Isiolo, ambaye mtoto wake anakimbia, anaimba au anachora vizuri ana chaguo ambalo wazazi wa zamani hawakuwa nalo. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipoingia sekondari ya juu, masomo yamegawanywa katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa pamoja na michezo. Katika mkondo huo wa tatu, muziki na dansi, maigizo na filamu, uchoraji na michezo ni masomo kamili yenye mtihani, na mwanafunzi anaendelea na Kiingereza, Kiswahili na Hisabati. Kipaji kilichokuwa kikingoja klabu ya Ijumaa jioni sasa kina kipindi chake kwenye ratiba.

Shida ni kwamba mkondo huu unahitaji ukumbi, viwanja, ala na walimu waliosomea kazi hiyo. Ndiyo maana macho ya wengi yanageukia shule kubwa za umma zilizo katikati ya Nairobi, kama vile Upper Hill, Jamhuri na Pangani Girls. Kabla mzazi hajauza ng'ombe, inafaa apige hesabu yote.

Tuanze na karo. Kwa miaka mingi Wizara ya Elimu imeweka viwango viwili vya juu kwa shule za bweni. Shule za kitaifa, na shule kubwa za bweni zilizo Nairobi na miji mingine mikubwa, hutoza hadi shilingi 53,554 kwa mwaka. Shule za bweni kwingineko, yaani kiwango ambacho Isiolo inaangukia, hutoza hadi 40,535. Tofauti ni 13,019 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu, Gredi ya 10 hadi ya 12, Nairobi inafika 160,662 na kiwango cha chini 121,605. Pengo la 39,057 si dogo, lakini peke yake halitoshi kumkatisha mtu tamaa.

Gharama inayouma iko barabarani. Kutoka Kipsing hadi mji wa Isiolo ni njia ya vumbi na mchanga, na laga, yaani mito ya msimu, zikijaa maji hakuna gari linalopita. Kutoka Isiolo hadi Nairobi kuna lami ya kilomita karibu 285. Mwaka una mihula mitatu, kwa hiyo mtoto anasafiri mara 6, kwenda na kurudi, na safari ya kwanza mzazi au mlezi humsindikiza. Kisha kuna mapumziko ya katikati ya muhula. Siku hizo chache hazimtoshi mtoto anayesoma Nairobi kufika Kipsing, akapumzika na kurudi. Lazima awe na shangazi, mjomba au mtu wa kuaminika mjini, na mtu huyo naye ana kodi ya nyumba na sufuria ya kujaza. Aliye katika shule ya Isiolo anaweza kufika nyumbani, au mamake akamfuata mjini siku ya kutembelea wanafunzi.

Ongeza sanduku, godoro, blanketi na sare, ambazo kila shule ya bweni inadai. Mkondo huu una madai yake pia: viatu vya spaiki kwa mkimbiaji, rangi na karatasi kwa mchoraji, mavazi kwa mwigizaji, na nauli ya timu ikifuzu. Uliza mapema ni nani anayelipa gharama hizo. Serikali imeahidi shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya umma kwa mwaka, lakini Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba hazina haina uwezo wa kulipa kiasi hicho chote. Shule ikipungukiwa, mchezo na muziki ndivyo hukatwa kwanza, au mzazi huombwa ajazie.

Kuna jambo la kalenda ambalo mfugaji hapaswi kulipuuza. Kwa kawaida nusu ya karo ya mwaka hudaiwa muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili na 20 wa tatu. Kwa shule ya Nairobi hiyo ni shilingi 26,777 mwezi wa Januari. Anayengoja hadi Februari au Machi, kiangazi kikiwa kimekaza, atauza mnyama aliyekonda kwa bei ya chini. Peleka mnyama soko la Oldonyiro mapema, wakati bado ana nyama ya mvua za mwisho wa mwaka.

Shule ya kutwa ndiyo nafuu kuliko zote, kwani haina ada ya bweni. Mzazi hushughulikia sare na chakula cha mchana. Ila kwa familia inayohama na mifugo, kutwa si bure. Boma likihamia malisho, mtoto lazima aachiwe mtu wa kukaa naye. Tena shule ndogo ya kutwa ni nadra kuwa na mikondo yote mitatu, na bila mwalimu wa muziki somo hilo halitafundishwa hata mtoto akilitaka vipi.

Je, Nairobi ina faida gani hasa? Ina kumbi za maonyesho, vyumba vya kurekodi, vilabu vya soka, raga na mpira wa kikapu, na makocha wanaotafuta vijana. Kwa anayetaka filamu au mpira wa kikapu, hilo ni kubwa. Lakini shule yenye wanafunzi zaidi ya elfu moja ina timu ile ile ya wachezaji kumi na watano wa raga. Mtoto ambaye angekuwa nahodha Isiolo anaweza kukaa miaka mitatu kando ya uwanja. Na mashindano ya shule hayana mlango wa Nairobi peke yake: yanaanzia ngazi za chini, yanapanda hadi kaunti, eneo na taifa. Tamasha za Muziki za Kenya, zilizoanza mwaka 1927, zina vitengo vya ngoma za kitamaduni, na mtoto wa Kisamburu au Kiturkana aliyekulia katika nyimbo za kwao ana mtaji ambao hakuna shule ya jiji inayoweza kuununua.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko nje ya Nairobi. Shule ya St. Patrick's, Iten, ilijipatia jina duniani kwa riadha. Bruda Colm O'Connell alifika hapo 1976 na akabaki. Peter Rono alitoka hapo akashinda dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Seoul 1988. Matthew Birir akashinda ya kuruka viunzi na maji Barcelona 1992. Uwanja wao haukuwa wa kifahari. Walikuwa na kocha asiyehama. Kwa maoni yangu hilo ndilo la kwanza kutafuta popote: mwalimu wa somo lenyewe, aliyeajiriwa na anayeendelea kuwepo, si jina la shule.

Kama mtoto ni hodari na nyumbani hakuna kitu, usikate tamaa na jiji. Shule ya wavulana ya Starehe, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1959 na inayosifika kwa bendi yake, imezoea kuwapokea watoto wa familia maskini na kuwatoza kulingana na uwezo. Wasichana wana Starehe Girls'. Ufadhili wa Wings to Fly wa wakfu wa Equity nao upo tangu 2010, pamoja na basari za kaunti na za eneo bunge la Isiolo Kaskazini. Hizi zina fomu zake na tarehe zake, na anayechelewa hukosa.

Wakati wa kujaza chaguo, kundi la kwanza liliruhusiwa shule 12: 9 za bweni na 3 za kutwa. Nafasi hutolewa kwa kuangalia alama, ambapo mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 unabeba asilimia 60, kwa hiyo kujaza Nairobi si kupata Nairobi. Ushauri wangu kwa familia ya Kipsing ni kuanza na shule ya bweni ya kaunti ya Isiolo iliyo na mkondo wa sanaa na michezo na mwalimu wake. Nairobi iwekwe juu yake pale tu ambapo kuna ufadhili wa uhakika, ndugu wa kumpokea mtoto, na somo ambalo kweli halipatikani karibu. Piga simu shuleni kabla ya kujaza fomu, uulize jina la somo, nani anayelifundisha, na mara ya mwisho timu au kwaya yao ilishindana wapi. Wakishindwa kujibu hayo matatu, tafuta shule nyingine.