Kisiwa Kilichouzwa kwa Nguo

Huku Rutamba mawimbi hatuyasikii, lakini habari ya Kilwa Kisiwani inatuhusu, kwani tumezoea kuambiwa kuwa miji ya pwani yetu ilianzishwa na wageni wa majahazi.

Tarikh ya Kilwa, ya karne ya 16, yasema Ali bin al-Hasan alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka. Maji yakipwa, watu walivuka kwa miguu toka bara. Wageni wakachimba kile kivuko, maji yakajaa yasipwe tena, na muuzaji akashindwa kurudi kukitwaa. Muuzaji! Basi kisiwa kilikuwa na mwenyewe.

Je, bahari huhama? Huhama sana. Miaka 20,000 iliyopita, barafu ilipofunika nchi za kaskazini, bahari ilikuwa chini kwa mita 120 hivi, na Unguja iliungana na bara. Ndiyo maana katika pango la Kuumbi, Jambiani, imechimbuliwa mifupa ya punda milia, mnyama asiyepanda ngalawa.

Kilwa, hata hivyo, ni ya juzi tu. Neville Chittick, aliyechimba huko miaka ya 1960, alikuta dalili za makazi ya tangu karne ya 9 hivi, na wakati huo bahari ilikwisha kufika karibu na ilipo leo. Upande wa Masoko mkondo una kina cha kutosha meli. Hadithi ya kuchimba kivuko siichukui kama ramani. Naichukua kama hati ya mauzo.

Ushahidi wa wauzaji umo ardhini, katika vigae, na bahari inaumega ufuko. Mwaka 2004 UNESCO iliiweka Kilwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ikaiondoa mwaka 2014, kuta zikiwa zimekarabatiwa na mikoko imepandwa.