Pora Anayekufungia Jikoni

Mama mmoja wa Kigamboni alinipigia simu asubuhi akinong'ona. Alikuwa amejifungia jikoni. Nje, mbele ya mlango, amesimama pora wake wa miezi mitano, yule yule aliyemlea kwenye boksi tangu kifaranga, na hampishi hata kwenda kuanua nguo. "Bwana mifugo, huyu kuku karogwa?" Nikamwuliza ni nani humlisha. Watoto. Humlishaje? Akanyamaza kidogo. "Wanacheza naye. Wanamsogezea mguu, anarusha teke, wanacheka, wanamtupia punje."

Hakurogwa. Alisomeshwa, na akafaulu.

Kwa msomaji aliyekulia ghorofani: pora ni jogoo ambaye hajapevuka. Undu wake umeshakuwa mwekundu, anajaribu kuwika na sauti inamkatikia njiani, mkia haujajipinda vizuri, na kipi cha mguuni bado ni kinundu tu. Kwa kuku wetu wa kienyeji, vituko huanza mara nyingi kwenye mwezi wa nne na kufikia kilele kati ya mwezi wa tano na wa saba. Wiki iliyopita alikuwa akila kiganjani mwako. Wiki hii anakutazama upandeupande, ameshusha bawa moja, anakuzunguka kwa hatua fupifupi huku manyoya ya shingo yamesimama. Wengi hudhani anawachezea ngoma. Hiyo ndiyo barua ya kwanza ya vita, na ukiisoma mapema umeshashinda nusu ya kazi.

Kinachompanda kichwani kinajulikana tangu mwaka 1849. Huko Göttingen, Ujerumani, msomi aitwaye Arnold Adolph Berthold alichukua mapora sita. Wawili aliwahasi kabisa: undu ukasinyaa, hawakuwika kijogoo, hawakugombana na mtu. Waliobaki aliwaachia au kuwapandikizia korodani moja tumboni, ikiwa imekatwa mishipa yake yote. Hao wakakua majogoo kamili, wenye kuwika, kupanda matetea na kutafuta ugomvi. Maana yake ni kwamba ujumbe haukupita kwenye mishipa ya fahamu. Ulisafiri ndani ya damu. Leo tunauita homoni, na huu wa kiume tunauita testosteroni. (Na kabla hujamwita fundi wa kuhasi mbuzi: korodani za kuku ziko ndani ya mwili, chini ya uti wa mgongo, jirani na figo. Kuzitoa ni upasuaji, si kazi ya uani kwa wembe.)

Hapa kuna jambo ambalo ushauri mwingi tunaoupokea kutoka nje haulisemi. Wafugaji wa Ulaya huambiwa wavumilie, msimu utapita, kwa kuwa mchana ukirefuka homoni hupanda na ukifupika hushuka. London siku ndefu kuliko zote ina zaidi ya saa 16 za mwanga, na ile fupi haifikishi saa 8. Dar es Salaam tofauti kati ya siku ndefu na fupi haifiki hata saa moja. Pora wetu hana majira ya kupoa. Anayengoja apoe mwenyewe atangoja mpaka kinundu kile kiwe kipi.

Lakini homoni ni moto tu. Kuni ni zile anazopewa uani. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway alieleza kwamba kuku wanaoishi pamoja wamepangana kwa cheo, kila mmoja akijua ni nani amdonoe na ni nani amwachie chakula. Hata kuwika kuna zamu: watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2015 kwamba majogoo wakiwa pamoja, mkubwa wao ndiye huanza alfajiri, na wengine hufuata kwa ngazi zao. Pora anapopata nguvu huanza kupanda ngazi hiyo. Huwashinda matetea mmoja baada ya mwingine. Penye jogoo mzee, huyo humkata kiburi kwa pigo moja mbili, na mambo hutulia. Pasipo na mzee, hutafuta mwingine wa kupimana naye. Kwa uzoefu wangu, mapora wanaoshambulia watu zaidi ni hawa waliolelewa peke yao ndani ya nyumba, ambao hawakuwahi kupigwa na kuku mwenzao na hawana habari kwamba binadamu si kuku.

Basi anakuja kwako. Ukimpiga teke, umemjibu kwa lugha yake: umekubali pambano, na atarudi kesho akiwa amejiandaa. Ukikimbia, umemtangaza mshindi. Ukimtupia mahindi ili akupishe, umemlipa mshahara. Nimeona watu wakifanya yote matatu ndani ya dakika moja, kisha wanalalamika kwamba dawa yangu haifanyi kazi.

Fanya hivi. Usiingie uani mikono mitupu wiki hizo. Shika ungo, sinia kuukuu au beseni, na uvae viatu vya kufunika mguu badala ya ndala. Funga kanga vizuri, maana upindo unaopepea karibu na ardhi humchokoza, kama ufagio unavyomchokoza. Akija, simama. Usirudi nyuma hata hatua, wala usimrukie. Weka ungo kati yake na miguu yako, umwache audonoe mpaka achoke. Ataanza kudonoa ardhi kama aliyekumbuka shughuli nyingine. Hiyo ni aibu yake, mwachie. Kisha mwendee polepole, kwa upande, mpaka yeye ndiye asogee. Akishasogea na kukaa mbali, hapo ndipo mwaga chakula, tena wape matetea kwanza. Rudia kila siku, asubuhi na jioni, na kila anayeingia uani afanye vile vile. Kazi hii huharibiwa na mtu mmoja wa nyumbani anayeona mchezo.

Ukihitaji kumshika, kwa chanjo ya kideri au kumkagua miguu, mfuate usiku akiwa kwenye kichanja. Kuku haoni vizuri gizani. Utamchukua kama mzigo, bila kukimbizana wala kelele. Kukamata kuku mchana kwa kumzungusha uani, watoto wakishangilia, ni somo jingine baya kwa pora.

Angalia pia idadi. Jogoo mmoja hutosha matetea kumi au karibu na hapo. Nyumba yenye matetea sita na mapora wanne haina tatizo la tabia, ina tatizo la hesabu: matetea watanyofolewa manyoya mgongoni, watajificha, watataga vichakani. Watenge mapora wakiwa na miezi mitatu, uchague mmoja, wengine wauze. Na kama unachotaka ni mayai ya kula tu, huhitaji jogoo hata mmoja. Tetea hutaga bila yeye. Jogoo anahitajika yai linapotakiwa kuwa kifaranga.

Ukoo nao una neno lake. Kuchi, wale warefu wenye kifua kilichoinuka na undu mdogo, ni kuku wa damu ya mapambano. Uchunguzi wa vinasaba umewakuta wakihusiana na Shamo wa Japani. Mapora wao huanza kutoana damu wakiwa wadogo mno, kwa hiyo watenganishe mapema. Ila nimewahi kufuga Kuchi aliyewachinja kwa macho majogoo wenzake na kwa watu akawa mpole kama njiwa. Ukali kwa kuku na ukali kwa watu ni vitu viwili.

Huu wa kwa watu usichukuliwe kwa mzaha. Kuku anayeruka hufikia macho ya mtoto anayetambaa au aliyeanza kutembea. Wazee nao wako hatarini: mwaka 2019 madaktari wa Australia waliandika juu ya bibi wa miaka 76 aliyedonolewa na jogoo mguuni alipokuwa akiokota mayai. Mdomo ulitoboa mshipa uliovimba, akatokwa damu mpaka akafa. Ni tukio la nadra sana, lakini bibi zetu wenye mishipa kama hiyo wapo, na mayai wanaokota wao. Jeraha lolote la kipi au mdomo lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, na kama ni la kuchoma kwa kina nenda kituo cha afya ukaulize chanjo ya pepopunda.

Muda wa kumrekebisha nautoa wiki tatu mpaka nne, si zaidi. Wengi hubadilika. Wachache hawabadiliki, na hao wasiachwe wazae, kwa sababu sehemu ya ukali huo hurithiwa, na vifaranga wake watakuletea simu ile ile mwakani.

Yule wa Kigamboni alipewa wiki tatu. Kwa mama alitulia kabisa, akawa anampisha njia. Kwa mtoto wa miaka minne hakutulia, akaishia kwenye mchuzi wa nazi. Pora wa umri ule nyama yake bado laini. Kabla ya hapo jirani alikuwa amemwomba akampandishie matetea yake, kwa kuwa ni mkubwa na ana rangi nzuri, na mama akakataa. Nawe ukiwa na wa namna hiyo, ukimpeleka sokoni mwambie mnunuzi wazi kwamba ni wa kuchinja, si wa mbegu.