Mtu Mmoja au Kampuni: Kazi ya Nje Apewe Nani?

Biashara inayotoa kazi nje huchagua kati ya mfanyakazi wa kujitegemea na kampuni. Kwa mfanyabiashara wa Mbarara, uchaguzi huo unafika hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, wanakoishi Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wenye ujuzi wa kila namna. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi.

Kazi yenye mwanzo na mwisho, kama kutafsiri tangazo kwa Kiswahili au kuchora nembo, inamfaa mtu mmoja. Mwenye duka huzungumza na yule yule anayeifanya, na bei haibebi gharama za ofisi wala za meneja. Lakini fundi huyo akiugua, au simu yake ikizimika siku mbili, kazi inalala. Malipo kwa awamu, kila sehemu ikikabidhiwa, huwalinda wote wawili.

Kazi isiyokatika, kama hesabu za kila mwezi au ulinzi wa usiku, ni afadhali ipewe kampuni, kwani mmoja akikosekana mwingine huziba pengo. Tena wanunuzi walioteuliwa na Mamlaka ya Mapato ya Uganda hukata kodi ya zuio ya asilimia 6 kwenye malipo yanayozidi shilingi milioni 1, hivyo hupendelea anayetoa ankara kamili. Inasikitisha fundi hodari akikosa zabuni kwa ajili ya karatasi tu. Wafanyakazi kadhaa wakijisajili pamoja, mlango huo hufunguka.