Gari la Kikundi na Mguu wa Dereva

Kikundi kikipata Land Cruiser ya kubeba maziwa, mbolea na wagonjwa, furaha huwa kubwa mpaka siku ya kusoma hesabu. Kumbe pesa zote zimeishia kwenye kituo cha mafuta! Bei hutangazwa na EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, na hiyo sisi hatuiwezi. Tunachoweza ni namna ya kuendesha.

Gari kama hili lina uzito wa karibu tani mbili kabla ya gunia la kwanza kupakiwa. Kuling'oa mahali liliposimama ndiko kunakokula mafuta. Dereva akikanyaga kwa nguvu, halafu afunge breki kwenye tuta, mafuta hayo yamepotea bure. Afadhali atazame mbali, aone tuta au ng'ombe mapema, atoe mguu, gari lipunguze mwendo lenyewe.

Tena gari lenyewe lina umbo la kabati. Mwendo ukiongezeka mara mbili, upepo hulizuia mara nne. Kwa hivyo kwenye lami ya kwenda Eldoret, kilomita 80 kwa saa zatosha.

Sasa kuna hili la fri. Wako madereva wanaoteremka Tambach kwenda Kerio gia ikiwa fri, ati wanaokoa mafuta. Si kweli. Injini nyingi za siku hizi hukata mafuta kabisa gari likiteremka ndani ya gia bila kukanyagwa. Ukiweka fri, injini lazima ichome kidogo ili isizimike. Na mteremko ule ni mrefu: breki zikishika moto hazikamati, na nyuma mmebeba watu. Kikundi kimwambie dereva wazi kwamba fri hatutaki.

Wakati wa matope tumieni foowili, lakini mkifika kwenye lami itoeni. Pimeni upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi. Mkingojea maziwa yapimwe, zimeni injini.

Mtajuaje kama kuna faida? Jazeni tenki pomoni, andikeni kilomita. Mkijaza tena, gawanyeni kilomita mlizokwenda kwa lita mlizonunua. Tuseme mmekwenda 320 na mmetia lita 40: hiyo ni kilomita 8 kwa lita. Daftari likae ndani ya gari, na mweka hazina alisome kila mkutano, dereva akiwepo.