Je, Wajua? Siri za Kunakili Neno Katika Lugha ya C

• Je, wajua kwamba lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Bell Labs, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, haijui neno ni nini? Inachojua ni safu ya baiti inayofungwa kwa baiti ya sifuri. Ndiyo maana “Habari” ina herufi 6 lakini hukaa kwenye baiti 7.

• Ritifaa nayo ina gharama. “Ng'ombe” yenye ritifaa ya kawaida ya kibodi huchukua baiti 8. Ikiwa ritifaa imepinda, katika mfumo wa UTF-8 humeza baiti 3 peke yake, na ng'ombe yuleyule hunenepa hadi baiti 10.

• Kielekezi, yaani kigeu kinachoshika anwani ya neno, kikiitwa a, kuandika b = a hakuzai nakala ya neno. Ni funguo mbili za nyumba moja: mmoja akibadilisha samani kwa kuingilia b, atakayeingilia a atazikuta zimebadilika.

• Nakala halisi hutolewa na amri ya strdup. Hupima urefu wa neno, huongeza 1 kwa ajili ya ile sifuri, huomba nafasi kwa malloc (amri ya C inayogawa kumbukumbu), hunakili, kisha hukupa anwani mpya. Nafasi ikikosekana, hurudisha NULL, yaani anwani tupu.

• Ingawa strdup imetumika kwenye Unix kwa miaka mingi, haikuwemo katika viwango vya C89, C99 wala C11. Iliingia rasmi katika C23, kiwango kilichochapishwa mwaka 2024.

• Tatizo la strdup ni kwamba haikuulizi kumbukumbu itoke wapi. Yenyewe hubisha hodi kwa malloc tu. Kwa sababu hiyo miradi mikubwa imejitengenezea zake: PostgreSQL ina pstrdup, Samba ina talloc_strdup, Apache ina apr_pstrdup.

• Nakala za pstrdup huwekwa kwenye ghala la kumbukumbu la kazi inayoendelea. Kazi ikiisha, ghala lote hufutwa kwa mkupuo, bila kuhesabu neno mojamoja.

• Ndani ya kiini cha Linux, kstrdup humtaka mwombaji aseme kama anaweza kusubiri nafasi ipatikane au la. Ndugu yake, kstrdup_const, akikuta neno limo tayari katika eneo la kusomwa tu la kiini, hanakili chochote. Hurudisha anwani ileile.

• Ukiipa strdup NULL, mara nyingi programu huanguka. Ukiipa g_strdup ya maktaba ya GLib, yenyewe hukurudishia NULL kwa utulivu.

• Ghala lako mwenyewe si gumu kujenga: chukua pande moja kubwa la kumbukumbu, kisha sogeza alama mbele kila unapogawa. Herufi za kawaida hazihitaji kuanzia kwenye anwani maalumu, hivyo maneno hupangwa yakigusana bila pengo.

• Usiipe amri yako jina kama strnakili. Kiwango cha C kimejitengea majina yanayoanza na str yakifuatwa na herufi ndogo.

• Dawa ya deni ni kulipa, lakini mlipe aliyekukopesha. Kilichotoka kwa malloc kirudishe kwa free, amri ya kuachilia kumbukumbu. Kilichotoka kwenye ghala lako kiache humo hadi ghala lifutwe. Ukikipeleka kwa free, umeharibu hesabu za malloc, na programu inaweza kuanguka mbali kabisa na mahali ulipokosea.