Je, Wajua? Mchanga wa Ufukweni Umo Ndani ya Picha

Picha moja ya Claude Monet iliyoko National Gallery, London, ina chembe za mchanga halisi. Kiangazi cha 1870 mchoraji huyo Mfaransa alikuwa mapumzikoni Trouville, pwani ya Normandy, pamoja na mkewe Camille. Alimchora papo hapo ufukweni, na mchanga ukanasa kwenye rangi mbichi. Hadi leo umo.

Lakini maji yaliyomteka zaidi aliyatengeneza mwenyewe. Mwaka 1893 alinunua kipande cha ardhi ng'ambo ya reli iliyopita karibu na bustani yake kijijini Giverny, achimbe bwawa, akaomba ruhusa ya kulijaza maji ya kijito. Wanakijiji wakapinga, wakihofia kwamba mimea yake ya kigeni ingetia sumu maji hayo. Alishikilia ombi lake mpaka akapata kibali, akapanda mayungiyungi. Baadaye alikuwa na mtunza bustani wa kuzunguka na mashua, akisafisha majani ili bosi wake ayakute maji yametakata.

Bwawa hilo lilizaa picha takriban 250, nyingine akizichora huku mtoto wa jicho ukimfifishia rangi. Picha 8 kubwa mno, zenye urefu wa kwenda juu wa karibu mita 2, zimezungushwa kwenye kumbi mbili za umbo la yai katika jumba la Orangerie, Paris. Maonyesho hayo yalifunguliwa 1927, miezi michache baada ya kifo chake. Kaa kwenye benchi la katikati, usiharakishe. Bwawa lenyewe hupokea wageni kuanzia Aprili, ila mayungiyungi huchanua kiangazi.