Kibao Kilichovunjwa kwa Teke

Ni desturi ya watu wazima kuzihesabu filamu za ngumi na mateke kuwa ni upuuzi wa vijana. Zikijadiliwa katika vikao, hujadiliwa kwa jambo moja tu, nalo ni kama ziruhusiwe au zipigwe marufuku. Leo tunapenda kuwaomba wasomaji wetu, na hasa wale waliokabidhiwa dhamana ya utamaduni wa visiwa hivi, waitazame filamu moja ya namna hiyo kwa jicho jingine. Filamu yenyewe ni "Fist of Fury", yaani Ngumi ya Ghadhabu, iliyotolewa Hong Kong mwezi wa Machi 1972, na ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa Bruce Lee. Kwa maoni yetu, aliyeitazama filamu hiyo bila ya kuwaangalia na watazamaji wake ameona nusu tu ya mchezo.

Haikuwa filamu ya kitajiri. Kampuni ya Golden Harvest iliyoitengeneza ilikuwa changa, kwani ilianzishwa mwaka 1970 na Raymond Chow pamoja na wenzake waliojitenga na kampuni kubwa ya Shaw Brothers. Bruce Lee, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1940 na kulelewa Hong Kong, alikuwa amechoka kupewa nafasi ndogo ndogo huko Marekani, akakubali kucheza filamu mbili kwa dola 15,000 za Kimarekani. Ya kwanza ilikuwa "The Big Boss", iliyopigwa Thailand mwaka 1971, na ya pili ndiyo hii tunayoizungumza. Gharama yake yote inakisiwa kuwa dola 100,000 hivi. Ukitaka kujua udogo wa fedha hizo, kumbuka kwamba "Enter the Dragon", aliyoicheza mwaka uliofuata kwa ubia na kampuni ya Kimarekani, inatajwa kuwa iligharimu dola 850,000.

Ufinyu huo hauwezi kufichika. Sehemu kubwa ya mji wa Shanghai unaoonekana humo ni wa kutengenezwa ndani ya studio. Hata hivyo, filamu hiyo ilikusanya zaidi ya dola milioni 4 za Hong Kong katika majumba ya sinema ya huko peke yake, ikaipita "The Big Boss", ambayo nayo ilikuwa imevunja rekodi zote zilizotangulia.

Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Kijana Chen Zhen anarejea Shanghai na kukuta mwalimu wake, Huo Yuanjia, amekufa. Wakati wa matanga, watu wa skuli ya mapigano ya Kijapani wanakuja na ubao wenye maandishi ya kuwaita Wachina wagonjwa wa Asia ya Mashariki. Wakubwa wa skuli wanawataka wanafunzi wastahamili. Chen Zhen hastahamili. Anaurejesha ubao kwa wenyewe, anawapiga wote waliokuwemo, kisha anawalisha karatasi ya maneno yao. Baadaye anagundua kwamba mwalimu alitiliwa sumu, na hapo kisasi kinaanza kuwa cha damu.

Lakini tukio lililobaki katika nyoyo za watu halina hata maiti mmoja. Chen Zhen anafika kwenye lango la bustani ya mji, na mlinzi anamwonyesha kibao kinachosema kwamba mbwa na Wachina hawaruhusiwi. Papo hapo bibi wa kigeni anapita na mbwa wake bila ya kuzuiwa. Mjapani mmoja anamwambia kijana kwamba akikubali kujifanya mbwa, naye ataingizwa. Chen Zhen anawaangusha waliomdhihaki, kisha anakirusha juu kile kibao na kukivunja kwa teke.

Waliosimulia habari za maonyesho ya Hong Kong wanasema kwamba ukumbi ulisimama kwa shangwe. Mtu anaweza kuuliza: watu wazima wenye akili zao, wanashangilia kipande cha ubao? Jibu halimo katika filamu, limo katika maisha ya wale waliokuwa wamekaa gizani. Hong Kong ilikuwa koloni la Uingereza, na iliendelea kuwa hivyo hadi mwaka 1997. Wengi mno wa wakazi wake walikuwa Wachina, lakini lugha rasmi ya Serikali ilikuwa Kiingereza peke yake, na Kichina hakikupewa hadhi hiyo mpaka mwaka 1974, yaani miaka miwili baada ya filamu kutoka. Aidha, wazee walikuwa bado wanaikumbuka miaka mitatu na miezi minane ya kukaliwa na jeshi la Japani, tangu Disemba 1941 hadi Agosti 1945. Kwa watu hao kibao kile hakikuwa cha Shanghai. Kilikuwa cha ofisi, cha mtaa, cha kila mlango waliowahi kufungiwa.

Haki inatudai tuseme pia kwamba kibao chenye maneno yale kamili hakijathibitishwa na wanahistoria. Kilichothibitishwa ni kanuni za bustani ya Shanghai, ambazo katika fungu moja ziliitenga bustani kwa wageni, na katika fungu jingine zilizuia mbwa. Wachina hawakufunguliwa lango hadi mwaka 1928. Watu waliyaunganisha mafungu mawili yakawa kauli moja, kwa sababu ndivyo walivyoyahisi. Vile vile Huo Yuanjia alikuwa mtu kweli na alifariki mwaka 1910, lakini Chen Zhen ni mtu wa kubuni.

Kadhalika hatuwezi kuufumbia macho ubaya wa filamu hii. Inawachora Wajapani takriban wote kuwa makatili, na chuki ya namna hiyo, ya kulihukumu taifa zima kwa makosa ya watawala wake, ni sumu kama ile aliyopewa mwalimu. Lakini hata mwandishi na mwongozaji wake, Lo Wei, hakukiachia kisasi kishinde. Wanafunzi wenziwe Chen Zhen wanauawa kwa ajili ya vitendo vyake. Mwishowe anajisalimisha ili skuli isalimike, anatoka nje, anawakabili watu wenye bunduki, na anaruka kuelekea kwao. Picha inaganda akiwa hewani, na risasi zinasikika. Hasira imezaa hasara, na mtazamaji anatoka ukumbini akiwa na mambo mawili kifuani: fahari na msiba.

Shangwe hiyo haikubaki Hong Kong. Kufikia mwezi wa Mei 1973 filamu za mapigano kutoka huko zilikuwa zikiongoza kwa mapato nchini Marekani, na katika miji mikubwa waliozipenda mno ni Wamarekani Weusi. Sisi wa mwambao na visiwa vya Afrika Mashariki tulimpokea Bruce Lee katika miaka hiyo hiyo ya 1970, na hatukuhitaji mkalimani. Mji uliokuwa na Klabu ya Kiingereza pale Shangani, jengo lililokuja kuitwa Africa House, unajua maana ya mlango usiokuwa wako.

Basi tunatoa rai mbili kwa wenye mamlaka. Ya kwanza ni kwamba anayekagua filamu asihesabu mateke peke yake, bali ajiulize watu wanashangilia nini. Ukumbi ukisimama kwa sababu kibao kimevunjwa, kuifungia filamu hakutawaondolea watu kibao walichonacho kichwani. Afadhali kiongozi akitafute kile kibao kiko wapi: huenda ni dirisha la ofisi ambapo mwananchi husemeshwa kama mtoto, au ni ufukwe ambao mvuvi amekatazwa kupita.

Ya pili inahusu vijana wetu wenye kamera na mifuko mitupu. Tangu mwaka 1998 Zanzibar imekuwa na tamasha lake la filamu, na wageni wamekuja Ngome Kongwe kutuonyesha yao. Vijana wasikatishwe tamaa kwa kuambiwa kwamba hawana fedha. Wapewe mahali pa kuonyesha kazi zao mbele ya watu wao, wasikie wenyewe ukumbi unaponyamaza na unaposimama. Waliotengeneza "Fist of Fury" hawakuwa na fedha nyingi, lakini walijua vyema watazamaji wao wameumizwa wapi.